Bi Baridi na Wasafiri wa Jubilei

Yosefu Nyagawa hakuwa mtu wa kumpigia dada yake simu. Tangu walipomzika mama yao kule Matembwe, salamu zake zilifika kwa mkato, kupitia dereva wa lori la majani ya chai au mtu aliyekuja Makambako kununua bati. Kwa hiyo simu ilipoita asubuhi ile na jina lake likatokea, Konsolata aliiacha iite kidogo, akiwaza ni nani tena amefariki.

"Dada, wewe si uliishi bandarini?"

"Unajua nilikoishi, Yosefu."

"Basi tunakuhitaji huku Njombe, Jumapili, baada ya misa ya pili."

Akamweleza. Yeye na mkewe Beatha, pamoja na wenzao wa parokia waliofunga ndoa mwaka mmoja, walikuwa wanatimiza jubilei ya fedha. Wengine walikuwa wakulima wa parachichi, wengine wafanyabiashara wa mbao, na mwaka ule mambo yalikuwa yamewanyookea. Badala ya kuchinja ng'ombe na kulisha mji mzima, waliamua kusafiri. Kulikuwa na meli ya kitalii iliyokuwa inazunguka pwani: unapanda Dar es Salaam, unakwenda Zanzibar, unakwenda Pemba, unashuka mpaka Kilwa, unarudi, na usiku unalala humohumo melini kama hotelini. Wengi wao bahari walikuwa wameiona kwenye televisheni tu. Paroko akasema watafute mtu anayejua, awaeleze.

"Nikakutaja wewe," Yosefu alisema.

Konsolata alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatwa. Kwa muda mrefu hakuna mtu wa kwao aliyemtaja kwa jambo jema, na alijikuta anatafuta kitenge cha kuvaa siku ya Jumapili hali ilikuwa bado Jumanne.

Alikuwa ameondoka Matembwe akiwa bibi harusi. Mumewe, Jastin, alikuwa mchuuzi wa viazi. Alikusanya viazi Njombe, akavijaza kwenye malori pale Makambako, akavifuata mpaka Dar es Salaam na kuvivusha kwenda Zanzibar, ambako kiazi cha nyanda za juu kilisifiwa kwa kutoshika maji. Baadaye akaona afadhali akae hukohuko avipokee mwenyewe, akamchukua mkewe, wakapanga chumba mtaa wa Malindi, mjini Zanzibar, karibu na geti la bandari. Konsolata alishuka kwenye boti amevaa sweta zito la sufu alilofumiwa na mama yake, jasho linamtiririka, naye hajui kama atalivua au atakaa nalo. Wapagazi wa bandarini wakamuuliza kwao ni wapi hata akavaa vile. Akawaambia kwao ni Njombe, na mwezi wa sita umande unaganda juu ya majani ya viazi mpaka shamba linakuwa jeupe. Walicheka, wakamwambia aseme tena. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bi Baridi. Hata kwa sheha, mkuu wa mtaa, hata dukani, hata kwenye harusi za majirani alikoalikwa ingawa yeye ni Mkristo, aliitwa Bi Baridi. Jina la ubatizo lilibaki kanisani na kwenye kitambulisho.

Jastin alikufa kwa homa ya ini. Hawakuwa na mtoto. Watu walitarajia mjane arudi kwao, lakini Konsolata aliangalia akaona kwao atarudi kuwa mzigo, na pale getini alikuwa mtu. Akaweka meza. Akauza karafuu, mdalasini na kanga, na kwa kuwa meli za watalii zilikuwa zinashusha watu waliosimama wakishangaa jua, hawajui waende kushoto au kulia, akaanza kuwaelekeza. Kiingereza alichokipata kwa masista kilikuwa kidogo lakini kilinyooka. Alimwambia huyu avae kofia, yule afunike mabega, mwingine asinunue kombe za baharini maana atanyang'anywa forodhani, na mzee fulani asijaribu kuzunguka mji mchana huu, aende kwanza akakae kivulini anywe maji ya madafu. Wengine walinunua kitu, wengine hawakununua. Mabaharia wakamzoea, wakawa wanawaambia abiria wao kabla hawajashuka, ukitoka getini kuna mama, muulize yeye.

Aliishi hivyo hadi nywele zikaanza kuingia mvi. Kisha mama yake akaugua, Yosefu akasema yeye na mkewe wana kazi nyingi, na Konsolata akaifunga meza, akarudi Matembwe kumuuguza. Alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza kitandani mpaka mwisho. Siku moja mama, akili zake zikiwa timamu, alimwita Yosefu na Beatha kando ya kitanda akasema kile kipande cha vinyungu, bustani ya bondeni anakolima mboga wakati wa kiangazi, pamoja na ule mteremko wake wa juu, apewe Konsolata ajenge. Yosefu aliitikia. Lakini msiba ulipokwisha, miche ya parachichi ikapandwa kule kule mteremkoni, na Yosefu akasema mambo ya ardhi si ya kuamuliwa na mgonjwa, yatakwenda kwenye kikao cha ukoo. Kikao kilikuwa kinaahirishwa tangu hapo. Konsolata akahamia Makambako, akapanga chumba nyuma ya stendi, akawa anauza chai na maandazi kwa abiria wa mabasi yanayoelekea Songea.

Jumapili ile ukumbi wa parokia ulijaa. Kulikuwa na ukungu nje na watu walikaa na makoti yao. Devota, katibu wa umoja wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kanisani, alimtambulisha. "Huyu ni dada yake Yosefu. Ameishi bandarini miaka mingi. Tumsikilize."

Konsolata alisimama. Akafanya kama alivyofanya getini, akamchagua mtu mmoja aliyeonekana kuogopa zaidi, akaongea na huyo. Alikuwa mama mmoja mnene aliyeshikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, hayo makoti mtayaacha Dar es Salaam kwa ndugu. Lakini sweta moja jepesi usiliache. Ndani ya meli wanapuliza ubaridi wa mashine, utatetemeka usiku kuliko hapa. Viatu, chukua vya kamba visivyo na kisigino. Mji wa kule una vichochoro vya mawe na mawe yanateleza."

"Na kutapika?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Kutapika kupo. Usipande meli na tumbo tupu, wala usipande umeshiba. Tafuna tangawizi mbichi. Ukianza kuona kizunguzungu usikimbilie chumbani ukalale, huko ndiko utakufa. Toka nje, kaa katikati ya meli, si mbele wala nyuma, utazame kule mbali bahari inakokutana na mbingu. Kichwa kitatulia."

Mfanyabiashara wa mbao mmoja, Anthony, mtu wa tumbo na vicheko, aliuliza kama ataruhusiwa kubeba ulanzi, ile pombe ya mianzi. Watu wakacheka. Konsolata akamwambia ulanzi ule utachachuka na kulipua kifuniko ndani ya begi lake kabla hawajapita Mikumi, na melini hataruhusiwa kuingia nao.

"Sasa nisikilizeni vizuri," alisema, "hili ndilo linalowaangusha wengi. Saa. Meli haihesabu saa kama sisi. Mkiambiwa meli inaondoka saa kumi na moja, msiseme aa, kumi na moja jioni, tuna muda. Kumi na moja yao ni saa tano yetu ya asubuhi. Jioni yetu wao wanaandika kumi na saba. Kabla hujashuka muulize baharia, akuambie jua litakuwa wapi, la asubuhi au la jioni. Na uwahi. Basi la Songea linaweza kukusubiri umalizie chai yako, nimeliona mimi mwenyewe pale stendi. Meli haina hiyo. Ikishafungua kamba imefungua. Nimewaona watu wazima na heshima zao wamekaa chini pale gatini wanalia, meli yao wanaiona inatokomea."

Hata Anthony aliacha kutabasamu.

Akaendelea. Kadi ya melini ivaliwe shingoni, isiwekwe kwenye mkoba unaoweza kusahaulika mezani. Wakionyeshwa jaketi la kujiokolea wasione haya kulijaribu. Wakitoka getini watawafuata vijana wanaoitwa mapapasi, kila mmoja anataka kuwa mwenyeji wao. Wasiwatukane, maana ni watu wanatafuta riziki, ila bei waipatane kabla hawajapiga hatua, si baadaye. Wanawake wajifunge kanga, wanaume wasitembee na kaptura mjini. "Msiwapige watu picha kama mnapiga wanyama. Salimia kwanza. Kule salamu ni ndefu kuliko yetu, akikuuliza hali, na ya watoto, na ya nyumbani, mjibu yote. Ukimjibu kwa haraka ataona umemdharau."

"Na misa je?" Beatha aliuliza taratibu.

"Kanisa lipo, wifi. Minara yake miwili utaiona hata ukiwa melini. Ukipotea, uliza kwa minara miwili, mtu yeyote atakuonyesha."

Waliuliza maswali mpaka ukungu ukaondoka. Mwishoni walimpigia makofi, na yule mama wa mkoba akaja kumshika mikono. Yosefu alimsindikiza mpaka kwenye gari la kurudi Makambako. Njiani Konsolata akaona ni wakati mzuri.

"Yosefu, na lile la mteremko?"

"Nikirudi tu, dada. Baba mdogo Nahumu ameshasema kikao kitakaa. Yeye mwenyewe yuko upande wako."

Ilikuwa kweli. Nahumu, mdogo wa marehemu baba yao na mkubwa wa ukoo aliyebaki, alikuwa amemwambia Konsolata kwa kinywa chake kwamba neno la mama litaheshimiwa. Kwa hiyo siku wasafiri walipopita Makambako, alikuwa stendi mapema na fuko la tangawizi alizozimenya na kuzikata, akalipitisha dirishani. Yosefu alikuwa amevaa kofia mpya ya majani.

"Getini pale wasalimieni," Konsolata alisema. "Waambieni nipo."

"Tutawasalimia."

Hakuwaza kumwambia aulize kwa jina gani. Ni jambo dogo, na lilimtoka kabisa akilini. Huku nyumbani hakuna aliyewahi kumwita Baridi, na nani angeitwa hivyo Njombe, ambako kila mtu ni wa baridi.

Safari ilikwenda salama. Habari zilimfikia pale stendi kupitia kwa Anthony, ambaye wakati wa kurudi alishuka kwenye basi kumtafuta. Alisema amekuja kumshukuru. Walipofika Pemba ubao wa melini uliandikwa kumi na moja, na yeye alikuwa ameshapanga kwenda kula pweza kijijini arudi jioni. Mkewe ndiye aliyekumbuka maneno ya ukumbini, wakauliza, wakakuta ni asubuhi ileile. "Ningebaki kule, mama," alisema, akanywa chai yake amesimama. "Ningekuwa Mpemba sasa hivi." Konsolata alicheka. Alipomuuliza kama walisalimiana na watu wa getini Zanzibar, Anthony akaangalia kikombe chake, akasema hilo amuulize Yosefu, wao walitawanyika.

Kikao kilikaa Matembwe Jumamosi iliyofuata, katika nyumba ya Yosefu, ile iliyojengwa mahali ilipokuwa ya wazazi. Walikuwepo Nahumu, binamu watatu, na wazee wawili wa jirani kama mashahidi. Beatha alikaa mlangoni mwa jiko, sinia la viazi mapajani, anamenya. Konsolata alikuja na basi la asubuhi na akatembea kutoka barabarani. Alipita kando ya mteremko wake. Miche ilikuwa imemfika magotini.

"Kamwene," aliwasalimu, wakaitikia.

Nahumu alianza vizuri. Alisema marehemu shemeji yake alitamka, na waliosikia wapo. Alisema binti wa nyumba akifiwa na mume na hana mtoto, nyumba ndiyo kimbilio lake. Kisha akamuuliza Yosefu kama ana neno.

Yosefu alikohoa. "Baba mdogo, mimi sina ugomvi na dada. Ila naomba tujue tunampa nani. Dada ametuambia siku zote kwamba kule Zanzibar alikuwa mtu wa getini, ana meza, anaheshimika, mabaharia wanamjua. Sisi tulikuwa kule. Nimesimama getini pale na miguu yangu. Nimewauliza wauza kanga, nimewauliza wapagazi. Namtafuta Konsolata wa Njombe. Hakuna anayemjua. Hata mmoja."

Kutoka nje ilisikika sauti ya lori la chai linapanda mlima.

"Hawanijui kwa Konsolata," Konsolata alisema. "Kule wananiita Bi Baridi."

Binamu mmoja alicheka puani. Yosefu aliinamisha kichwa kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine.

"Jina hilo tunalisikia leo," alisema.

"Ni jina la utani, Yosefu. Kwa sababu ya sweta. Lile la mama."

"Mtu anayefanya kazi ya halali," alisema mzee mmoja wa jirani, akimtazama Nahumu wala si yeye, "anabadilisha jina kwa nini?"

Konsolata aliona jinsi swali lile lilivyozunguka chumba na kumkalia kila mtu mahali pake. Mjane, kijana wakati ule, peke yake, bandarini, kwa mabaharia, na jina jingine. Walikuwa wanamaliza wenyewe, bila mtu kusema. Aligeuka kumtazama Beatha. Beatha alikuwa ameinama juu ya sinia, kisu kinakwenda, ganda la kiazi linashuka refu bila kukatika.

"Beatha alikuwepo," Konsolata alisema. "Muulizeni. Wifi, hukusikia mtu yeyote akinitaja?"

Kisu kilisimama. "Mimi nilikuwa kwenye maduka," Beatha alisema.

Nahumu alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mzee mpole asiyependa kelele, na pengine ndiyo sababu alichagua njia aliyochagua. Alisema hakuna anayemhukumu mtu, ya bandarini yabaki bandarini. Lakini marehemu alitamka akiwa mgonjwa, akiwa hajui yote, na miti imeshapandwa. Kung'oa mti wenye afya ni laana. Konsolata apewe chumba akija kutembea. Ardhi ibaki ilivyo.

"Anataka nini kingine?" binamu aliuliza kwa sauti ya chini, kama vile Konsolata hayupo.

Konsolata hakukaa kula. Aliporudi barabarani hapakuwa na gari, akatembea mpaka alipopata lori la mbao, akasimama nyuma pamoja na wabebaji.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza Beatha alipobisha hodi Makambako. Alikuja kwa kisingizio cha kununua mbolea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, maana kiti kilikuwa kimoja, akatoa ndani ya kikapu kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na uzi.

"Hii ni ya kwako," alisema. "Ilitoka kule."

Konsolata hakuigusa. "Kule wapi?"

"Getini. Yosefu aliuliza, ni kweli aliuliza, wakamwambia hawamjui mtu huyo. Akaenda zake kutafuta makubazi. Mimi nikabaki nimenunua karafuu kwa mzee mmoja wa kofia, anauza na kashata. Nikamwambia jua hili litaniua, kwetu ni baridi. Akaniuliza, kwenu wapi? Nikamwambia Njombe. Wifi, yule mzee aliacha mizani. Akasema, 'Njombe ndiko kwao Bi Baridi. Yu hai?' Akawaita wenzake. Wakaja hata wapagazi. Wakanionyesha mahali ulipokuwa unaweka meza. Mmoja alisema mkewe alipojifungua wewe ndiye uliyemkimbiza hospitali. Wakaniambia nikupe hii, wakasema urudi hata kwa kutembea, watu wanakuuliza mpaka leo."

Kwenye bati mvua ilizidi. Konsolata alingoja ipungue ili asilazimike kupaza sauti.

"Ulimwambia Yosefu?"

"Nilimwambia melini, jioni ileile. Nilifurahi. Nikamwambia, kumbe dada yako ni mtu mkubwa kule." Beatha alikunja na kukunjua ukingo wa kitenge chake. "Akaniambia nikae kimya. Akasema nikifungua mdomo, baba mdogo atatoa mteremko wote, na ile miche ndiyo tuliyoikopea. Akasema, 'Mimi niliuliza na nikajibiwa hawamjui. Huo si uongo.'"

"Kwa hiyo alipokuwa anasema pale alikuwa anajua."

"Alijua."

"Na wewe ukamenya viazi."

Beatha alianza kulia, lakini Konsolata hakusogea. Alikuwa amewaona watu wengi wakilia gatini, na siku zote alikuwa mtu wa kwanza kuwafuata na maji ya kunywa. Leo hakutafuta kikombe.

"Twende kwa baba mdogo," alisema. "Sasa hivi. Useme haya haya."

"Siwezi, wifi. Mimi ni mke wa mtu. Watoto wangu wanakula palepale."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nilishindwa kulala na mzigo wa watu ndani."

"Sasa umeutua," Konsolata alisema. "Utalala."

Alimfungulia mlango. Beatha alitoka kwenye mvua na kikapu chake kitupu. Kifurushi kilikuwa na kanga moja na karafuu. Konsolata aliinusa kanga, harufu ya sanduku la mtu, kisha akaifunga tena vilevile.

Alimwendea Nahumu peke yake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, na alimwamini. Konsolata aliliona hilo machoni mwake. Lakini akasema Beatha akikana kutakuwa na ugomvi wa nyumba mbili badala ya moja, na yeye hana miaka ya kutosha iliyobaki ya kuumaliza. Akamwomba asamehe. Akampa kuku.

Mwaka uliofuata Devota alifika stendi, mwavuli mkononi. Kundi la pili la jubilei lilikuwa linajiandaa, meli ileile, na wote waliotangulia walisema bila yule mama wa Makambako wasingeweza.

"Muulizeni Yosefu," Konsolata alisema, akimmiminia abiria chai. "Ameshafika. Anajua geti lote."

"Ni yeye aliyenituma," Devota alisema, akatabasamu. "Anasema hakuna anayeijua bandari ile kama dada yake. Anakusifu sana."

Konsolata aliweka birika chini. Alimtazama yule mwanamke, akaona hajui lolote, na kumweleza kungekuwa ni kuanza kikao kingine hapo kwenye matope ya stendi.

"Mwambie hayo akayasemee Matembwe," alisema. "Akishayasema huko, nitakuja Njombe kwa miguu."

Devota aliahidi kumwambia. Kama alimwambia au hakumwambia, hapakuja jibu, na wasafiri wakapita kwa basi wakaenda zao. Mmoja wao, ilisemekana baadaye, aliachwa Kilwa na ilibidi mabinamu zake wamfuate kwa gari. Konsolata alipoambiwa hakufurahi wala hakusikitika.

Kwaresima iliyofuata alianza kukohoa. Mwenyekiti wa jumuiya yake pale Makambako, Ema, mke wa fundi baiskeli, alikuwa akija kumwona jioni na uji. Siku moja Konsolata alimwomba afunge mlango akae.

"Nikifa," alisema, "nizikeni hapahapa. Makaburi ya Makambako. Msimpigie mtu wa Matembwe simu kabla hamjanifukia."

Ema alishtuka. Huku mtu huzikwa kwao, hata awe ameishi wapi. Maiti hubebwa juu ya mabasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza ili zilale na za wazazi.

"Dada Konsolata, hilo ni neno zito. Na mama yako yuko kule."

"Mama najua atanielewa."

"Fikiria kwanza. Ukipona utajuta."

"Nimefikiria, Ema. Lete huo uji, unapoa."